Mambo ya Hesabu: Namba ya Embu na Namba ya Meru

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti mwaka wa 2019 makarani wa hesabu ya watu walianza kuzunguka nchi nzima ya Kenya, wakiandika kila mtu aliyelala humo usiku ule. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo matokeo yalitangazwa. Kaunti ya Meru ilionekana kuwa na watu 1,545,714, na Kaunti ya Embu watu 608,599. Baada ya siku chache watu wakaanza kuyafupisha matokeo hayo, wakasema kuwa Meru ni milioni moja na nusu, na Embu ni laki sita. Kufupisha namna hii si vibaya mtu anapozungumza sokoni. Lakini namba iliyofupishwa imekwisha kupoteza tabia yake, maana kila namba kamili, hata iwe kubwa namna gani, ina tabia yake ya kuzaliwa, na karani aijuaye tabia hiyo anaweza kuitumia kama mchungaji atumiavyo alama za masikio ya mbuzi wake.

Jambo la kwanza ni jepesi, na kila mtoto wa shule analijua. Namba ya Meru ni shufwa, yaani hugawanyika sawasawa kwa mbili, kwa sababu mwisho wake ni 4. Namba ya Embu ni witiri, kwa sababu mwisho wake ni 9, na wakigawanywa wawili wawili mmoja hubaki peke yake. Hapa inatosha kutazama tarakimu ya mwisho tu.

Jambo la pili linahusu kenda. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno hili kabla ya tisa la Kiarabu kulisukuma kando. Wameru na Waembu hawakukubali lisukumwe, na katika lugha zao wangali wakisema kenda. Kenda ina sheria ya ajabu. Ukitaka kujua kama namba fulani hugawanyika kwa 9, usiigawanye, bali jumlisha tarakimu zake. Tarakimu za Meru ni 1, 5, 4, 5, 7, 1 na 4, nazo jumla yake ni 27. Tena 2 na 7 ni 9. Basi namba ya Meru hugawanyika kwa kenda bila baki. Tarakimu za Embu jumla yake ni 37. 3 na 7 ni 10. 1 na 0 ni 1. Basi Embu ikigawanywa kwa kenda hubaki mtu mmoja.

Sababu yake haina uganga. Kumi ni kenda na moja, mia ni tisini na tisa na moja, elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kwa hiyo kila kumi, kila mia, na kila elfu ikigawanywa kwa kenda huacha baki ya moja tu. Mia tano huacha tano, na elfu nane huacha nane. Tarakimu zenyewe ndizo mabaki, na ukizijumlisha umejumlisha mabaki yote.

Sasa litazamwe jambo la kuchekesha kidogo. Kaunti ya Meru ina maeneo bunge 9, na namba yake hugawanyika kwa 9. Kila eneo lingepata watu 171,746, asizidi hata mmoja. Jirani yake Tharaka-Nithi, iliyo kati ya Meru na Embu, ilikuwa na watu 393,177 na ina maeneo bunge 3. Kila eneo lingepata watu 131,059, nako hapabaki mtu. Embu peke yake hukataa. Ina maeneo manne, yaani Manyatta, Runyenjes, Mbeere Kusini na Mbeere Kaskazini, na namba yake ikigawanywa kwa 4 kila eneo hupata 152,149, na watu watatu hubaki njiani.

Je, kuna maana katika hayo? Hapana. Katika kila namba kenda zinazofuatana, moja hugawanyika kwa kenda, na Meru iliangukia hiyo. Tena maeneo hayagawanywi kwa kalamu namna hiyo, kwa kuwa Igembe ina watu wake na Imenti ina wake. Kinachopimwa na sheria ni jambo jingine. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka maeneo bunge 290, na ikataka kila eneo liwe karibu na wastani wa nchi nzima. Kwa hesabu ya mwaka wa 2019, ambayo ilipata watu 47,564,296, wastani huo ni kama watu 164,015. Eneo la kawaida huruhusiwa kuzidi au kupungua kwa sehemu 30 katika mia, na miji mikubwa pamoja na nchi zenye watu wachache kwa sehemu 40. Wastani wa maeneo ya Meru uko juu kidogo ya ule wa nchi, na wa Embu uko chini kidogo. Hilo ndilo lenye uzito mipaka inapopimwa upya, na hapo baki ya watu watatu haina kazi.

Tuingie ndani zaidi. Wataalamu hugawanya namba zote zilizo kubwa kuliko 1 katika makundi mawili. Ziko zinazoweza kugawanywa na namba nyingine bila baki, kama 12, ambayo hugawanywa na 2, 3, 4 na 6. Na ziko zisizogawanywa na namba yoyote ila 1 na zenyewe, kama 7, 13 na 53. Hizi huitwa namba tasa. Jina si la haki sana, maana namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote: kila namba isiyo tasa hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, na kwa njia moja tu. Euclid, aliyefundisha Alexandria katika nchi ya Misri karibu na mwaka wa 300 kabla ya Kristo, alithibitisha ya kuwa namba tasa hazina mwisho. Mwingine wa mji huohuo, Eratosthenes, alibuni njia ya kuzichekecha: unaandika namba zote kwa safu, unafuta kila ya pili baada ya 2, kila ya tatu baada ya 3, na kuendelea hivyo, na zinazosalia katika chekeche ndizo tasa. Tangu wakati ule watu hawajaacha kuzitafuta. Ile kubwa kupita zote zilizojulikana kufikia mwisho wa mwaka wa 2024 ina tarakimu 41,024,320, wala haina nafasi katika gazeti lolote.

Je, namba ya Embu ni tasa? Kuitazama tu hakutoshi. Si shufwa, wala haiishii kwa 5 au 0, wala haigawanyiki kwa 3. Lazima ijaribiwe kwa 7, kwa 11, kwa 13, na kupanda hivyo kwa namba tasa zote. Haina haja ya kupita 780, maana 780 mara 780 ni 608,400, na kigawo kilicho kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake aliye mdogo ambaye angekwisha kuonekana. Karani mwenye subira atajaribu namba tasa kumi na tano, na zote zitamkatalia. Ya kumi na sita ni 53, nayo huingia sawasawa: 53 mara 11,483 ni 608,599. Kisha ajaribu 11,483. Zile ndogo zimekwisha kukataa, basi aanze na 53 yenyewe hadi 107. Ni majaribio kumi na matatu, na yote hushindwa. Kwa hiyo 11,483 ni tasa, na namba ya Embu imejengwa kwa namba tasa mbili tu. Vigawo vyake ni vinne: 1, 53, 11,483 na yenyewe.

Namba ya namna hiyo inastahili kuheshimiwa kuliko inavyoonekana. Kuzidisha 53 kwa 11,483 ni kazi ya dakika moja. Kuanza na 608,599 na kuzitafuta hizo mbili ni kazi ya asubuhi nzima. Tofauti hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo iliyotumiwa mwaka wa 1977 na wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, kutengeneza kufuli ya siri. Walitoa namba yenye tarakimu 129, iliyojengwa kwa namba tasa mbili kama ya Embu, wakawaalika watu waifungue. Ilifunguliwa mwaka wa 1994, kwa nguvu za watu wapatao 600 waliounganisha mashine zao kwa miezi mingi. Leo kufuli za aina hiyo zina tarakimu 617 na zaidi, nazo hulinda barua nyingi na malipo mengi yapitayo katika intaneti.

Namba ya Meru ni ya ukoo mwingine kabisa. Nusu yake ni 772,857. Hiyo kwa kenda ni 85,873. Na hiyo ni 79 mara 1,087. Basi imejengwa kwa 2, 3, 3, 79 na 1,087, nayo ina vigawo 24. Mkulima ataelewa upesi maana ya jambo hili akifikiri shamba la kahawa. Mwenye miche 600 anaweza kuipanda safu 20 za miche 30, au 24 za miche 25, au 15 za miche 40, kama shamba lake litakavyoruhusu, kwa kuwa 600 nayo ina vigawo 24. Mche mmoja ukifa akabaki na 599, hawezi kuipanga kwa safu zilizo sawa hata afanyeje, isipokuwa safu moja ndefu, maana 599 ni tasa.

Wayunani wa kale waliendelea mbele. Nicomachus wa Gerasa, aliyeishi karibu na mwaka wa 100 baada ya Kristo, aliandika ya kuwa namba ziko za aina tatu. Chukua vigawo vyote vya namba, uiache yenyewe, uvijumlishe. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, namba hiyo ni pungufu. Ikizidi, ni ya ziada. Ikilingana kabisa, ni timilifu. Sita ni timilifu, maana 1 na 2 na 3 ni 6. Na 28 vilevile, maana 1, 2, 4, 7 na 14 hufanya 28. Baada yake ni 496, kisha 8,128, kisha hakuna nyingine mpaka 33,550,336. Kenya iliipita namba hiyo wakati fulani kati ya hesabu ya mwaka wa 1999, iliyopata watu 28,686,607, na ile ya mwaka wa 2009, iliyopata 38,610,097. Hakuna aliyeitambua saa hiyo.

Kwa kipimo hiki Embu ni pungufu sana, maana 1, 53 na 11,483 hufanya 11,537 tu. Vigawo vya Meru, yenyewe ikiachwa, hufanya 1,848,846, kupita namba yenyewe kwa 303,132. Kwa hiyo ni ya ziada. Waembu wasione haya, wala Wameru wasijivune. Tuseme usiku ule wa Agosti, kabla ya karani kufika, amezaliwa mtoto mmoja zaidi katika Embu. Namba ingekuwa 608,600. Hiyo hujengwa kwa 2 mara tatu, 5 mara mbili, 17 na 179; vigawo vyake si vinne tena bali 48, na jumla yao, yenyewe ikiachwa, ni 898,000. Namba iliyokuwa pungufu kupita kiasi ingekuwa ya ziada, ingegawanyika kwa maeneo manne bila baki, na kufuli ingekuwa imefunguka yenyewe. Yote hayo kwa mtoto mmoja.

Na si kwamba Embu ilikataa siku zote. Katika hesabu ya mwaka wa 2009 ilikuwa na watu 516,212, ambao hugawanyika kwa nne sawasawa, 129,053 kila fungu. Namba ile ilijengwa kwa 2, 2, 23, 31 na 181, ikawa na vigawo 24 kama Meru ya baadaye. Hata hivyo ilikuwa pungufu, maana jumla ya vigawo vyake ilifika 462,220 tu. Wingi wa vigawo na ziada si kitu kimoja.

Jambo hili la mmoja kuibadili namba nzima ndilo lenye faida kwa makarani. Kabla ya mwaka wa 1948, ambapo watu wa Kenya nzima walihesabiwa kwa mara ya kwanza, Serikali ilikadiria Waafrika kwa nyumba na kwa kodi. Makadirio ya namna hiyo hayana cha kupimia. Mtu akiambiwa laki mbili hawezi kujua kama aliyeandika aliruka kijiji. Lakini namba iliyoandikwa hadi mtu wa mwisho inaweza kuulizwa maswali. Tuiulize Embu. Wanaume walikuwa 304,208, wanawake 304,367, na watu wenye jinsia mbili, ambao mwaka wa 2019 walihesabiwa peke yao kwa mara ya kwanza, walikuwa 24. Toa kenda katika kila mstari: wanaume 17, yaani 8, wanawake 23, yaani 5, na 24 ni 6. Nane na tano na sita ni 19, yaani 10, yaani 1. Jumla iliyotangazwa, 608,599, nayo ni 1. Zimekubaliana. Karani ambaye angeusahau ule mstari mdogo wa watu 24, kama wadogo wasahauliwavyo, angepata 8 na 5, yaani 13, yaani 4, na kenda ingemkemea papo hapo.

Lakini kenda ina upofu wake, na makarani wengi hawauambiwi. Aliyeandika 605,899 badala ya 608,599, kwa kugeuza 8 na 5, amewapoteza watu 2,700, lakini jumla ya tarakimu bado ni 37 na kenda haioni kitu. Hapo hutumiwa kumi na moja. Anza kulia, jumlisha ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, toa ya nne, hata mwisho. Ukipata chini ya sifuri ongeza 11, na ukipita 10 punguza 11. Kwa 608,599 ni 9 toa 9, ongeza 5, toa 8, ongeza 0, toa 6, yaani 9 chini ya sifuri. Ukiongeza 11 ni 2. Wanaume wa Embu hutoa 3, wanawake 8, na wale 24 hutoa 2. Jumla ni 13, ukipunguza 11 ni 2. Ni sawa. Ile 605,899 ya makosa ingetoa 8, na kosa lingekamatwa. Karani atumiaye kenda na kumi na moja pamoja hadanganywi kwa urahisi.

Wakulima wa Meru na Embu, ambao wamekuwa wakipanda kahawa tangu miaka ya 1930, wana sababu yao ya kujua haya. Tuseme mkulima amepeleka kiwandani kilo 1,754 za matunda ya kahawa katika msimu, na risiti zake zasema hivyo, lakini daftari la chama cha ushirika lasema 1,574. Amepungukiwa kilo 180, na fedha zake kwa kiasi hicho. Tofauti ya 180 hugawanyika kwa kenda, na tarakimu mbili zikigeuzwa tofauti daima hugawanyika kwa kenda. Tena husema zaidi: 180 ni 90 mara 2. Zile 90 zaonyesha kuwa waliobadilishana ni mamia na makumi; ile 2 yaonyesha kuwa tarakimu hizo hutofautiana kwa 2.

Kwa hiyo jumla ya daftari la kiwanda ikipungua kilo 180 kuliko jumla ya risiti, karani hana haja ya kusoma upya mistari mia tano. Atafute kwanza ile tu ambayo makumi yake hupita mamia kwa 2, kama 1,574, au 468, au 2,135, akailinganishe na risiti. Sifuri iliyosahauliwa nayo huacha alama ya kenda: 540 ikiandikwa 54, tofauti ni 486, ambayo ni kenda mara 54. Lakini kenda haiapi ya kuwa mtu hana hatia. Kilo 180 zaweza pia kuwa magunia yaliyoondoka usiku, nayo magunia hayaulizi kama uzito wake hugawanyika kwa kenda. Mistari yote ya namna ile ikipitiwa bila kuonekana uliogeuzwa, wala sifuri iliyoanguka, hapo wanachama wana haki ya kuliacha daftari mezani na kwenda kuitazama mizani.